Likeri ya Bi Ghislaine

Chicoutimi, 14 Novemba 1993

Emna,

Kopo la bsisa limefika juzi. Limebonyea ubavu mmoja lakini unga wa nafaka haukumwagika. Nimekula vijiko vinne nikiwa nimesimama, koti bado liko mwilini, na theluji inayeyuka kutoka viatuni hadi kwenye zulia la watu.

Baba yako ameniandikia. Anasema mwaka aliotupa baada ya kusomewa Fatiha ya posa umekwisha, na kabla hajataja siku ya ndoa anataka maneno ya mtu mzima wa huku Kanada anayeijua tabia yangu. Sasa nimtaje nani? Waarabu wa mji huu tuko watatu, na hao wawili hawasemezani. Nimempa anwani ya mwenye nyumba wangu, Bi Ghislaine Simard, mjane wa miaka sitini na moja. Yeye anakaa chini, mimi juu. Baba yako kaniagiza nisimwambie kuwa yeye ni baba wa mchumba wangu, eti ili mama wa watu aseme kweli bila kuona haya. Nimetii. Nimemwambia tu kwamba mwalimu wangu wa zamani atamwandikia. Si uongo, Kifaransa nimefundishwa naye miaka mitatu.

Ila hicho Kifaransa chake, Emna! Nilikuja huku najidai nacho. Siku ya kwanza Bi Ghislaine akaniambia, "Ukishapanda, uzuie mlango." Nikavuta kochi nikalisukumiza mlangoni. Asubuhi akashindwa kuingia kuniletea mablanketi. Kumbe huku kuzuia mlango ni kuufunga kwa ufunguo. Akanialika chajio, nikanyoa ndevu nikaenda saa moja jioni. Kumbe chajio chao ni saa sita mchana, viazi vilishapoa na dada zake walishaondoka.

Kila Alhamisi kuna karata jikoni kwake. "Unywe likeri, Mo?" Kwa Kifaransa cha baba yako hiyo ni pombe, basi mara tatu nilimkatalia, uso nimeukunja kama imamu, natafuna karanga za chumvi na koo limekauka. Alhamisi ya nne nikaona anammiminia likeri mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka mitano. Nikaruka, nusura nimnyang'anye glasi. Soda! Huku likeri ni soda, ya machungwa, ya zabibu, soda tu. Wamenicheka mpaka karata zikaanguka. Na wewe unaitwa blondi wangu, yaani mwenye nywele za dhahabu. Kila mchumba wa kike huku ni blondi, hata mwenye nywele nyeusi kama zako. Kazini wananiuliza, "Blondi wako hajambo?" Nimeshazoea.

Sheria nazo ni kitabu kizima. Theluji ikianza, gari haliruhusiwi kulala barabarani. Mke naye habadili jina akiolewa, hata akitaka. Utabaki Sellami. Mwambie baba yako, labda atafurahi.

Kazini karakanani salama. Mota zinakuja zimeungua, zinaondoka zinaimba.

Sijatulia, Emna. Chumba hiki ni hatua tisa kwenda na tisa kurudi, nimezihesabu vya kutosha. Tarishi akichelewa nashuka kumngoja nje na miguu inakufa ganzi. Mwombe baba yako asikawie.

Wako,
Moez


Sfax, 2 Desemba 1993

Kwa Mheshimiwa Bi Ghislaine Simard,

Bibi, naomba radhi kwa kukuandikia bila ya kufahamiana. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kifaransa. Kijana Moez Ghorbel, mpangaji wako, alikuwa mwanafunzi wangu, na hivi sasa nimeombwa ushauri kuhusu mwenendo wake katika jambo kubwa linalohusu maisha yake.

Huku tulimjua akiwa kati ya mama yake na mtaa wake, ambako macho ni mengi. Huko yuko peke yake. Nakuomba basi unieleze kwa ukweli, kama mama, mambo matatu. Je, ni mtu wa kazi na heshima? Je, anakunywa? Je, ana uhusiano na wanawake?

Usimwonee huruma, wala usimwonyeshe majibu yako. Jibu lako litabaki kwangu peke yangu.

Wako kwa heshima kuu,
Taoufik Sellami


Chicoutimi, 20 Desemba 1993

Bwana Mwalimu,

We, barua yako nzuri! Nimeisoma nimejikuta nimekaa wima kama niko kanisani. Mimi shule niliiacha na miaka kumi na minne, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema, na makosa utayasahihisha mwenyewe.

Huyo Mo ni dhahabu. Jina lake lote halinikai mdomoni, ndiyo maana namwita Mo. Theluji ya kwenye ngazi anaikwangua kabla sijaamka. Ya jirani pia, na jirani mwenyewe ni mtu mkorofi.

Umeuliza kama anakunywa. Hapo sikufichi, anakunywa vizuri sana! Mwanzoni alikuwa na aibu zake, kila Alhamisi nikimpa likeri anakataa, nikadhani ana vidonda vya tumbo. Sasa kazoea. Ukiweka glasi mbele yake, ukigeuka hamna kitu. Anayoipenda zaidi ni bia ya msonobari. Chupa mbili zinakwenda kabla karata hazijagawanywa! Anashindana na mjukuu wangu wa miaka mitano nani atamaliza kwanza, na mtoto ndiye anayeshinda. Kwenye harusi ya mwanangu alibeba makreti manne ya likeri begani, akayapandisha mpaka ghorofani, na jasho hata tone.

Wanawake? Ana blondi wake mmoja tu, na anampenda mpaka tunamwonea huruma. Picha yake ameibandika kwenye friji langu, anasema kwake juu hakuna mwanga wa kutosha. Akiingia jikoni humtazama yeye kwanza, mimi baadaye. Nimemwambia, "Mo, huyo usimwache, muoe upesi kabla hujazeeka." Kwa hiyo, Mwalimu, kama watu wanakuomba ushauri, waambie huyo kijana ameshapata wake, na wamwache.

Krismasi njema, kama kwenu ipo.

Ghislaine Simard


Sfax, 9 Januari 1994

Moez Ghorbel,

Posa yako imefika mwisho. Kikuku na vitambaa ulivyoleta nimevirudisha kwa mama yako. Sababu unazijua, na kwa heshima ya nyumba yangu sitaziandika wala sitazitamka mbele ya binti yangu. Usinijibu.

Taoufik Sellami


Chicoutimi, 24 Januari 1994

Emna,

Barua ya baba yako nimeikuta kwenye ngazi saa tano asubuhi, na tangu hapo sijui nimetembea wapi. Nimevuka daraja nikarudi, nikalivuka tena. Mto umeganda wote, watu wamejenga vibanda juu ya barafu wanavua samaki, na mimi napita katikati yao kama mwendawazimu bila kofia.

Anasema sababu nazijua. Ninayoijua ni moja tu. Bi Ghislaine amemwambia, na mtu mwenyewe nilikuwa namwita mama. Basi afadhali uisikie kutoka kwangu.

Sifanyi kazi ya mota. Karakana ilipunguza watu mwezi wa kumi na mimi nilikuwa wa mwisho kuingia, kwa hiyo nikawa wa kwanza kutoka. Naosha masufuria katika jiko la hospitali. Ni masufuria makubwa, naingia ndani yake mpaka mabegani. Cheti changu cha ufundi wanakitazama wanasema kizuri, kisha wananiuliza kama nimewahi kufanya kazi hapa Kanada. Nikisema ndiyo, miezi kumi, wanasema kidogo. Haya, hiyo nyingine nitaitoa wapi kama hakuna anayenipa?

Nilitaka kwanza nipate kazi nyingine ndipo nikwambie. Kila barua nilisema ya mwezi ujao nitakwambia. Zile mota zinazoimba niliziandika nikiwa na povu la sabuni kwenye viwiko.

Niseme tu, nimeona aibu. Baba yako ana haki ya kukasirika. Lakini kuvunja kabisa, Emna? Kwa masufuria?

Nijibu haraka. Na Bi Ghislaine nimeacha kumwamkia.

Moez


Sfax, 10 Februari 1994

Moez,

Baba yangu hakujua lolote kuhusu masufuria. Wewe mwenyewe ndiye umesema.

Tangu ile barua ifike kutoka kwa mwenye nyumba wako, mzee haongei. Ameisoma mezani, kafungua kamusi yake kubwa, kaisoma tena, kisha kaifungia kwenye saraka pamoja na stakabadhi za mazishi ya mama. Nikamuuliza, akaniambia, "Kuna mambo baba hamsomei binti yake." Nikamwambia mimi nina miaka ishirini na saba na nauza dawa za kila aina ya ugonjwa pale duka la dawa, hakuna neno litakalonishtua. Akasema, "Ndiyo maana." Ndiyo maana nini, sijui mpaka leo.

Kwa hiyo nimekaa nyumbani na baba anayeficha barua, na nikafungua barua yako nikakuta na wewe unaficha. Nyote wawili mnanilinda. Nani kawaomba?

Unadhani nimekasirika kwa masufuria? Baba yake mama alikuwa anaosha mapipa ya zeituni. Nimekasirika kwa sababu barua zako nilikuwa nawasomea wenzangu kazini. Nilisimama nyuma ya kaunta nikawaeleza jinsi mota inavyofungwa waya upya, nimeikariri kutoka kwako, na wewe ulikuwa unaitunga. Miezi minne! Kama unaweza kutunga mota, sasa nikisoma "nakupenda" nitajuaje?

Usiniandikie mpaka nikuandikie. Na huyo mama wa watu mwamkie, hajafanya kitu.

Emna


Chicoutimi, 12 Februari 1994

Bwana Mwalimu,

Hii naituma kwa rejista, na utaitilia sahihi, kwa sababu nataka nijue kwamba imekufikia mkononi.

Mo alininunia wiki mbili. Alhamisi hakushuka. Nikapanda mwenyewe na goti langu bovu, nikagonga nikamwambia, "Sema, mwanangu, nimekukosea nini?" Akanionyesha kijibarua chako. Ndipo nikajua. Kumbe wewe si mwalimu tu, wewe ndiye baba wa blondi mwenyewe! Si ungesema? Ningekuandikia "binti yako" badala ya blondi, yakaisha!

Akaniuliza niliandika nini. Nikamsomea kwa kichwa. Nilipofika kwenye likeri akashika mdomo. Nilipofika kwenye blondi akakaa sakafuni. Tumecheka, Mwalimu, sikufichi, mpaka machozi. Halafu yeye akaendelea na machozi na kicheko hakuna.

Sasa nisikilize. Likeri kwetu ni soda. Soda ya watoto, ya duka la pembeni. Ile ya walevi tunaiita pombe kali, na Mo hajawahi kuigusa, hata kwenye harusi ambapo padri aliigusa. Bia ya msonobari si bia. Ni sukari, maji na majani ya msonobari, inakufanya ucheue tu. Nimekuwekea lebo ya chupa ndani ya bahasha, soma mwenyewe, imeandikwa haina kileo. Na blondi ni mchumba. Marehemu mume wangu aliniita blondi wake miaka thelathini na mbili, na mimi nywele zangu ni za kahawia tangu nizaliwe. Ile picha kwenye friji langu ni ya msichana mwenye nywele nyeusi, kavaa koti jeupe la duka la dawa, na kidevu kimeinuka kama anayebishana na mpiga picha. Unamfahamu?

Nimemwambia Mo asimweleze binti yako chochote kwanza. Nimemwambia, mwachie mzee nafasi amweleze mwenyewe, asije akaona haya mbele ya mtoto wake kwa ajili ya neno moja la soda. Kakubali, ingawa anazunguka nyumba nzima na mbao za sakafu zinalia juu ya kichwa changu. Kwa hiyo fanya haraka. Makosa ni ya kwangu, nicheke mimi.

Ghislaine


Sfax, 28 Machi 1994

Moez,

Nilisema usiandike, na wewe kweli hukuandika! Mara hiyo moja tu ndiyo umeamua kunitii.

Hasira imepungua. Haijaisha, imepungua. Nimewaambia wenzangu kazini kwamba mchumba wangu anaosha masufuria hospitalini, nikangoja nione nani atacheka. Mmoja alicheka. Sasa hatusalimiani naye, na nimelala vizuri kuliko siku zote tangu Januari.

Lakini kuna jambo. Lassaad, mwenye duka la rangi mtaa wa pili, ameleta wazee wake mara mbili. Ni mtu mwema, Moez, ndilo balaa lenyewe. Angekuwa mjinga ningejua la kusema. Baba hanilazimishi. Anasema tu, "Fikiri," kisha anaingia chumbani kwake. Amekonda. Nikimtajia jina lako anasema barua ya yule mama inatosha na hakuna kilichobadilika.

Mpaka lini nitafikiri? Napima dawa nakosea, juzi nimempa mzee mmoja chupa ya mtoto mchanga. Niambie kilichoandikwa katika ile barua. Lazima unakijua. Kama ni aibu, niambie aibu.

Emna


Chicoutimi, 18 Aprili 1994

Emna,

Nakijua tangu Februari. Umeniambia nisifiche tena, basi kaa chini.

Bi Ghislaine aliandika kwamba nakunywa likeri, napenda bia ya msonobari, nashindana kuinywa na mjukuu wake wa miaka mitano, na nina blondi nimebandika picha yake kwenye friji. Ndiyo hayo tu. Wewe likeri unaijua, nilikueleza Novemba. Blondi ni wewe. Bia ni soda nyingine. Baba yako alizisoma kwa kamusi yake ya Paris akaona mlevi mwenye mwanamke mwenye nywele za dhahabu. Kama angekupa barua ile ukaisoma kwa dakika moja, tungekuwa tumeshaoana.

Nilinyamaza kwa ajili yake. Bi Ghislaine alimwandikia upya tarehe kumi na mbili Februari, akafafanua kila neno, akatia na lebo ya chupa. Mimi mwenyewe ndiye niliyeipeleka posta, kwa rejista. Tukasema mzee atakueleza mwenyewe, kwa namna yake. Nikangoja. Nimengoja mpaka theluji imekuwa tope. Kila siku nilisema leo amemwambia.

Halafu ikarudi kadi ya posta. Imepokelewa Sfax, tarehe mbili Machi. Sahihi ni ya T. Sellami. Naijua sahihi hiyo, ilikuwa kwenye daftari langu miaka mitatu.

Sijui nikwambie nini zaidi, maana huyo ni baba yako na mimi bado namheshimu. Lakini anajua, Emna. Ulipoandika barua yako ya Machi alikuwa ameshajua kwa karibu wiki nne.

Nina likizo Julai na tiketi nimeshaishika. Kazi ya mota sijapata, nimeahidiwa mtihani wa cheti cha huku mwezi wa kumi, na ahadi za huku nimejifunza kutozitegemea. Kwa hiyo anayekuja kukuoa ni mwosha masufuria. Mimi nitakuja hata ukiniambia nisije. Amua wewe, si mimi wala Lassaad wala mzee.

Moez


Sfax, 4 Mei 1994

Baba,

Nakuandikia ingawa chumba chako kiko hatua chache kutoka changu na nakusikia unakohoa. Nikisema kwa mdomo nitapaza sauti, na wewe utaniambia nishushe sauti, na tutaishia kuongelea sauti.

Najua kuhusu barua mbili. Najua ya kwanza ulivyoielewa, na sikulaumu. Hata mimi ningeshtuka, mtoto wa miaka mitano kushindana na mtu kunywa bia! Ningecheka nawe, Baba. Tungecheka pamoja hapo mezani na ungeandika maneno hayo mapya kwenye pembe ya kamusi yako, kama unavyofanya siku zote.

Lakini ya pili uliitilia sahihi tarehe mbili Machi. Siku hiyo nilikuletea supu ya pweza mkavu, ukanishukuru, ukaniuliza kama Lassaad nimemfikiria. Bahasha ilikuwa wapi? Mfukoni?

Nimejaribu kujiambia kwamba uliona haya kwa sababu ulikosea Kifaransa. Ningependa iwe hivyo. Nisingekudai neno. Lakini mtu mwenye haya hawezi kuwapikia wageni kahawa mara mbili na kuwachagulia vikombe vizuri.

Unataka nibaki. Kwa nini hukusema? Tangu mama afariki hujawahi kuniambia hata siku moja, "Emna, nakuhitaji." Ungesema hivyo, ingenivunja moyo, lakini ningejua ninapigana na nini. Umeniacha miezi nikidhani mchumba wangu ana uchafu ambao hautamkiki.

Jambo jingine ambalo hujui. Moez hafungi mota tena, anaosha masufuria hospitalini. Alinificha, nikamkasirikia, nimemsamehe. Nimemchagua huyo huyo wa masufuria. Anakuja Julai. Sheria ya nchi hii inaniruhusu kutia sahihi yangu mwenyewe bila ya mtu mwingine, na Jumamosi tarehe kumi na sita Julai nitakwenda ofisi ya manispaa kuitia. Siombi ruhusa, Baba. Naomba uje.

Na kama utanikasirikia, nikasirikie kwa mdomo.

Emna


Sfax, 12 Mei 1994

Bi Ghislaine,

Barua yako ya pili niliipokea. Hilo unalijua, una kadi yenye jina langu. Naona nikujibu wewe kwanza, kwa sababu wewe ni mjane na mimi ni mjane, na una watoto waliokwisha ondoka.

Ya kwanza niliisoma vibaya. Miaka thelathini na moja nimefundisha lugha, na nikashindwa na soda. Nilipoipata ya pili niliona haya siku mbili, nikatembea mpaka bandarini na kurudi, na siku ya tatu nilikuwa tayari kumwita binti yangu nimweleze. Nilifika mlangoni kwake. Alikuwa anapiga pasi na redio imefunguliwa, anaimba pamoja nayo, vibaya. Nikarudi chumbani.

Kuanzia hapo haikuwa haya tena. Nilijua kijana hana doa, na nikaliacha doa likae. Kila asubuhi nilisema nitamwambia leo, na kila asubuhi alinimiminia kahawa, nikasema kesho. Mambo yaliendelea hivyo siku sitini na tatu. Mwenye duka la rangi, Lassaad, aliyekuja kumposa, nilimkaribisha kwa sababu moja, Bi Ghislaine. Duka lake liko mtaa wa pili. Ningeweza kwenda kumwona mwanangu kwa miguu, hata nikiwa na fimbo.

Emna aliniandikia barua akaisukuma chini ya mlango wangu. Akaniambia nimkasirikie kwa mdomo. Nilitoka nikamkuta jikoni, nikafungua mdomo. Nikamwambia, "Nakuhitaji." Akasema, "Najua." Akaniambia, "Nakwenda, Baba." Nikasema, "Najua." Kesho yake nikaenda manispaa nikahakikisha ile tarehe imeandikwa, na jina lake wamelikosea herufi, nikawasahihisha.

Siku hiyo nitakwenda pamoja naye. Nimempelekea Lassaad ujumbe wa kumwomba radhi, kwa mkono wangu, na amenijibu kwa adabu kubwa, ikanizidishia aibu.

Emna atafika kwenu Septemba. Hapendi kuamshwa. Husema hana baridi huku midomo imegeuka rangi, usimwamini. Akinyamaza sana kwenye karata zako, ujue anaelekea kushinda. Mambo mengine atakueleza mwenyewe, hajawahi kushindwa kusema.

Moez usimwambie aniandikie kwa sasa. Julai nitamkumbatia mbele ya watu wote na nitakuwa namaanisha. Lakini leo bado nina hasira naye, kwa sababu hana kosa. Angekuwa na kosa hata moja, Bi Ghislaine, binti yangu angebaki.

Taoufik Sellami